Mshauri Mwelekezi wa Kutathmini Miradi ya Fedha za Ardhi na Mazingira
Shirika letu liliajiri mshauri mwelekezi atathmini miradi inayowakopesha wakulima na kampuni kwa sharti la kulinda misitu. Nimeridhishwa na kazi yake, hasa kwa sababu hakuanza na hesabu ya fedha zilizotolewa bali na swali gumu zaidi: je, msitu huo ungesalimika hata bila mkopo? Ili kulijibu, alilinganisha picha za setilaiti za maeneo ya mradi na za maeneo yanayofanana nayo yasiyopata fedha, kisha akachunguza iwapo ukataji miti ulihamia tu nje ya mipaka ya mradi, jambo linalopitiwa juujuu katika ripoti nyingi nilizosoma.

Ripoti ilifuata vigezo 6 vya tathmini vya OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), kikiwemo kile cha uwiano na juhudi nyingine kilichoongezwa mwaka 2019, na ilisomeka bila taabu.

Udhaifu wake uko katika mahojiano. Watu wanaotumia ardhi bila hati, wafugaji na wanawake wengi miongoni mwao, walisikilizwa kwa uchache mno, ilhali hao ndio wanaoweza kupoteza malisho na mashamba pindi ardhi inapofungwa kwa masharti ya mkopo. Kwangu hilo ni pengo kubwa.

Anayekusudia kuajiri mtaalamu wa aina hii aandike katika hadidu za rejea, yaani hati inayoeleza kazi inayotakiwa, muda wa kazi ya uwandani na makundi yatakayohojiwa, na amtake aeleze kwa maandishi iwapo amewahi kulipwa na mfuko anaoutathmini.