Kutafuta rekodi ya tiketi ya trafiki katika kaunti ndogo ya Texas: uzoefu wangu

Mdogo wangu anaishi nami Abilene, Texas, mji uliopokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi. Kazi yake iko upande wa Odessa, kwenye visima vya mafuta, na alipokuwa akirudi nyumbani jioni moja askari wa doria wa jimbo alimsimamisha katika kaunti ndogo iliyo njiani, kwa sababu alikuwa akienda maili 86 kwa saa mahali palipoandikwa 75. Aliitia sahihi tiketi, jambo ambalo Texas halihesabiwi kuwa kukiri kosa bali ni ahadi ya kuijibu mahakamani ifikapo tarehe iliyoandikwa. Miezi mitano baadaye alikwenda kuhuisha leseni akaambiwa kuna zuio. Kazi ya kuitafuta ile rekodi na kuimaliza ikawa yangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayekisoma Kiingereza vizuri zaidi nyumbani, na naandika haya kwa ajili ya wenzetu watakaofikwa na jambo hilo.

Kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe. Tulipopata tiketi tulinunua hawala ya posta tukaituma kwa mahakama ya mji ulio karibu na pale aliposimamishwa, tukiamini kwamba mahakama ya mji na ya kaunti ni kitu kimoja. Sivyo. Tiketi iliyoandikwa na polisi wa mji huenda kwenye mahakama ya manispaa, lakini ile ya askari wa doria wa jimbo au ya askari wa sherifu kwa kawaida huenda kwa hakimu wa amani, ambaye wenyeji humwita JP kwa kifupi, na kila mmoja ana eneo lake ndani ya kaunti. Hawala yetu ilirudishwa baada ya wiki kadhaa bila maelezo, na wakati huo tarehe ya kujibu ilikuwa imekwisha kupita. Mahakama yenye kesi haikuwa imesikia neno lolote kutoka kwetu, ikamwandika kuwa hakufika. Kwa mujibu wa Sura ya 706 ya Sheria ya Usafirishaji ya Texas, kaunti iliyoingia mkataba na Idara ya Usalama wa Umma, yaani DPS, inaweza kuomba mtu kama huyo asihuishiwe leseni mpaka amalize kesi yake. Afadhali ningeutazama mstari wa chini wa tiketi, ambako jina la mahakama na namba ya eneo la hakimu vilikuwa vimeandikwa tangu mwanzo.

Kosa la pili lilinigharimu dola 30. Nilitafuta kwenye intaneti nikakuta tovuti ya kibinafsi iliyodai kuwa na rekodi za trafiki za Marekani nzima. Nikalipa, nikaandika jina la mdogo wangu, na baada ya dakika nyingi za picha za kuzunguka ikaniambia hakuna rekodi iliyopatikana, kisha ikaendelea kunikata fedha mwezi uliofuata hadi nilipositisha kadi. Huduma hiyo simshauri mtu yeyote kuitumia, na nasema hivyo kwa uchungu, kwa maana anayehangaika na zuio la leseni ana hofu na hulipa haraka. Texas ina kaunti 254, nyingine zikiwa na watu wachache mno, kama Loving ambayo sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 64 tu, na hakuna mahali pamoja ambapo kumbukumbu za mahakimu wote wa amani hutafutwa na umma. Katika kaunti ile iliyotuhusu, kumbukumbu zilikuwa kwenye kompyuta ya karani na katika kabati lililo nyuma yake, basi.

Kilichofaa kilikuwa simu. Niliupata ukurasa wa kaunti yenyewe, nikapiga asubuhi, akapokea karani wa hakimu wa amani, ambaye ndiye peke yake ofisini. Alitafuta jina asilione. Akatafuta kwa tarehe ya kuzaliwa, pia asilione, na hapo ndipo nilipoelewa tatizo ambalo wasomaji wengi waliopitia kambini watalitambua mara moja. Katika karatasi za ukimbizi jina la ukoo la mdogo wangu liliandikwa mahali pa jina la kwanza, naye, kama maelfu ya wenzetu, amepewa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu hakukuwa na cheti. Askari alinakili kilichokuwa kwenye leseni, kisha wakati wa kuingiza kwenye kompyuta mwaka ukakosewa kwa tarakimu moja. Nilimwomba karani atafute kwa namba ya leseni na tarehe ya tiketi. Haikuchukua dakika moja. Tangu siku hiyo kila ninayemsaidia namwambia apige simu akiwa na vitu vinne mkononi: namba ya tiketi, namba ya leseni, tarehe ya tukio, na jina kwa mipangilio yote miwili.

Yule mama karani alinipa msaada ambao sikuutarajia. Hakunipa ushauri wa kisheria, na alisema wazi kwamba haruhusiwi kuutoa, lakini alinieleza hatua za mahakama polepole na akakubali kurudia. Kutoka kwake nilijifunza jambo kubwa kuliko yote: kutuma fedha za faini kwa posta kunachukuliwa kuwa umekubali kutopinga shtaka, na hukumu huingia kwenye historia ya udereva. Ina maana kwamba ile hawala yetu, kama ingefika mahali sahihi, ingemtia mdogo wangu hatiani kabla hatujajua kwamba kuna njia nyingine.

Njia hiyo ni kozi ya udereva salama ya saa sita, ambayo dereva wa gari la kawaida anaweza kuiomba ikiwa hajaitumia kwa kosa jingine ndani ya miezi 12 na ikiwa hakuvuka kiwango cha mwendo kwa maili 25 au zaidi. Mwenye leseni ya malori haruhusiwi, hata kama alikuwa kwenye gari lake binafsi, na mdogo wangu alikuwa anajiandaa kuomba leseni hiyo hiyo, hivyo muda ulikuwa muhimu. Ombi hutakiwa kabla ya tarehe ya kujibu, lakini hakimu ana hiari ya kulipokea baadaye. Tulimwandikia barua ya ukurasa mmoja, tukaambatisha stakabadhi ya hawala iliyorudishwa na nakala ya bima, naye akakubali, akatoa siku 90. Gharama za mahakama tulilipa, kozi tukalipa pia, na kwa DPS tukaagiza historia ya udereva iliyothibitishwa, ile inayoitwa aina ya 3A, kwa sababu mahakama haipokei nyingine kwa kazi hiyo. Mtu asiye na uwezo wa kulipa asikae kimya. Hakimu anaweza kumpangia malipo ya awamu au kazi za jamii.

Ofisi ile ina mapungufu. Hufungwa saa ya chakula cha mchana, Ijumaa hufungwa mapema, barua pepe yangu haikujibiwa kabisa, na niliposema mdogo wangu angehitaji mkalimani wa Kiswahili niliambiwa ingebidi tuombe mapema na tungoje tarehe. Kwa mtu asiye na ndugu wa kumtafsiria hilo ni zito. Hata hivyo kati ya nyota tano naipa nne.

Mdogo wangu alipomaliza kozi na kesi ikafutwa, nilimwomba karani nakala yenye muhuri inayoonyesha namna ilivyokwisha, kwa dola chache. Zuio liliondoka siku kadhaa baadaye. Nakala hiyo tumeihifadhi kwenye faili moja na karatasi zake za ukaazi, kwa kuwa fomu ya N-400 ya kuomba uraia inauliza kama mwombaji amewahi kukamatwa, kupewa hati ya kosa au kuzuiliwa na askari, naye atajibu ndiyo akiwa na karatasi mkononi.