Madesa ya isimujamii pale Kihesa: bei nzuri, ila fungua kabla hujalipa

Walimu wenzangu mnaojiendeleza hapa Iringa, mliopangiwa kozi ya tofauti na mabadiliko ya Kiingereza katika jamii: ile steshenari ya Kihesa inayouza madesa yaliyokwisha kubaindiwa nimeitumia muhula mzima. Jina naliacha. Foleni yake inatosha kuwaelekeza.

Kwa bei hawana mpinzani. Desa zima, ringi na jalada la plastiki juu, elfu saba. Ukitoa kopi mwenyewe, elfu kumi haikutoshi. Na ringi ni imara: langu linabanwa begini na madaftari ya wanafunzi kila wikiendi, Mafinga hadi Iringa, na halijachomoka hata jino moja.

Ndani, sehemu ya William Labov, mwanaisimujamii wa Marekani, na maduka ya New York imetoka safi kabisa. Mwaka 1962 alipita maduka matatu, Saks la wenye nazo, Macy's la watu wa kati na S. Klein la bei chee, akiuliza wauzaji bidhaa ambayo tayari alijua iko ghorofa ya nne. Alichotaka ni kumsikia mtu akisema “fourth floor”, ajue kama anaitamka r au anaimeza. Akijibiwa anajifanya hajasikia, ili muuzaji arudie kwa makini, kisha anajibanza pembeni na kuandika. Watu 264 kwa mtindo huo, bila dodoso wala rekoda. Waliotamka r, yote au baadhi yake: Saks asilimia 62, Macy's 51, Klein 20. Kwa sisi ambao utafiti bila dodoso la kurasa sita hauitwi utafiti, jedwali hilo peke yake linastahili nusu ya bei.

Kasheshe inaanzia Martha's Vineyard, kisiwa kilicho pwani ya Massachusetts. Labov alionyesha, katika makala yake ya 1963, kwamba wavuvi wa Chilmark, waliochoshwa na watalii wa kiangazi, ndio waliokuwa wakivuta zaidi irabu ya “right” na “house” ianzie katikati ya kinywa badala ya chini. Ulimi ukawa unasema mimi ni wa hapa. Sasa hoja yote hiyo imelala kwenye alama za fonetiki, na kwenye desa alama zote zimegeuka visanduku. Unasoma kwamba vijana wanaotaka kubaki kisiwani wanatamka kisanduku, wanaotaka kuondoka wanatamka kisanduku. Hapo mtu anajifunza nini?

Grafu ya r ya New York kwa matabaka nayo imeuawa. Uzuri wake ni pale watu wa tabaka la kati la chini, wanaposoma orodha ya maneno kwa uangalifu, wanapolipita kwa kutamka r hata tabaka lililo juu yao. Mistari inapishana, na ndicho kitu ambacho mwalimu wa kozi anapenda kuuliza. Kwenye slaidi ina rangi. Kwenye kopi yote ni kijivu, na pale inapokatana kuna doa la wino.

Nilimrudishia dada wa kaunta. Akaligeuza, akaniangalia: “Mwalimu, mbona wenzako wamechukua hivyohivyo?” Adabu anayo, tena mzee akiingia anapokewa kwa “Kamwene” ya heshima kabla ya kuulizwa shida yake, wakati wanachuo wanarushiwa “Mambo, ngapi?” Labov angekaa kwenye lile benchi kutwa nzima. Lakini kubadilisha hawabadilishi.

Aliyeniokoa ni kijana wa kompyuta, kule nyuma. Nilimpa faili la PDF badala ya lile la Word, alama zikatoka zote, grafu akaiprinti kwa rangi, mia tano kwa ukurasa. Ukimpa flashi anakuwekea na Praat, programu ya kupima sauti. Ni ya bure, imetoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, kwa hiyo unacholipia ni bando lake tu. Nayo utaihitaji, maana irabu ya karatasi haisikiki.

Kwa hiyo chukueni, ila msitoe hela kabla ya kufungua sura ya Martha's Vineyard na ile grafu. Ijumaa jioni msithubutu, siku hiyo wanachuo wote wanaprinti ripoti za fildi na kijana wa kompyuta hashikiki.