Gari ya kulala na baiskeli mbili, Nakuru hadi Baringo: nyota tatu na sababu zenyewe

Hii stori nimekaa nayo wiki mbili nikisema nitaandika kesho, wacha niandike sasa kabla sijasahau. Kuna jamaa Nakuru anakodisha gari ya kulala, ni ile matatu ya watu 14 imetolewa viti ikawekwa kitanda, jiko, sola na keria ya baiskeli nyuma, na ukiiangalia kwa kando jua likiwaka bado unaona pale laini ya njano ilipita chini ya rangi mpya. Jina lake sitalitaja, kuna vitu nitalalamika hapa na mwenyewe si mtu mbaya. Tulienda siku tano mimi na binamu yangu, tukapitia Mogotio tukashuka ziwa Bogoria, tukamalizia ziwa Baringo. Gari ni shilingi 7,500 kwa siku, baiskeli 1,000 kila moja kwa siku, mafuta ni yako, na unaacha 10,000 ya kushikilia ambayo unarudishiwa gari ikirudi nzima. Piga hesabu, ukiacha hiyo ya kushikilia ni 47,500 kabla hujanunua hata nyanya.

Wazo lilikuwa la binamu. Huyo usiku halali, anaangalia video za Wamarekani wanaoishi kwa gari jangwani huko Utah, asubuhi wanateremka mawe mekundu ya Moab na baiskeli, jioni wanapika tambi mlango ukiwa wazi. Akaniambia si hata sisi tuko na jangwa letu hapo chini. Nikamwambia Baringo si jangwa bwana, ni kukavu tu, akasema ngoja ufike.

Shida ya hii gari ni moja na zingine zote zinazaliwa hapo: imetengenezwa na mtu wa Nakuru akifikiria baridi ya Nakuru. Huku tuko juu kama mita 1,850, Julai unalala na blanketi mbili na soksi. Kwa hivyo jamaa ameziba kila mahali. Ukutani ameweka sponji na mbao, madirisha ya nyuma ameyafunga kabisa na plaiwudi ndo kitanda kikae vizuri, ameacha tu ya mbele na ule mlango wa kusukuma. Na kazi ya fundi ni safi, sitamnyima sifa yake, droo zinashika hazipigi kelele kwa maramu, godoro ni ile ngumu ya ukweli, jiko liko karibu na mlango venye inafaa maana gesi hupiki ukiwa umejifungia ndani. Ukilala nayo juu Menengai, ule mlima wa volkano hapo Nakuru, utamwombea mema. Lakini Bogoria iko karibu mita 1,000 tu juu ya bahari, na kutoka Nakuru hadi Loboi, pale unaingilia Bogoria, hata masaa mawili haifiki, hiyo ni kama kushuka ngazi kuingia jikoni mtu akipika na umevaa koti.

Usiku wa kwanza sikulala. Saa tano ukuta bado ukiushika ni moto. Ukifungua mlango mbu, ukiufunga unaiva, na neti hakuna popote kwa gari, nilitafuta hata chini ya kiti cha dereva. Binamu ni mrefu, kitanda kinamwisha magotini, akatoa miguu nje usiku kucha na asubuhi ilikuwa na vipele kama ameugua tetekuwanga. Tulienda Marigat tukanunua neti ya kawaida na vibanio vya nguo dazeni moja, tukaining'iniza mlangoni, na hapo ndo tulianza kulala kama binadamu. Sasa mwenye gari, neti na vibanio havifiki hata elfu moja. Elfu moja!

Halafu sola. Paneli iko juu, wati 200, inalisha betri, friji ndogo, taa na feni moja. Huku kwetu inatosha kabisa. Kule chini friji haipumziki kwa sababu ya joto, kwa hivyo inakula betri, kwa hivyo unataka paneli ipate jua, lakini ukiegesha juani gari inakuwa tanuri na friji inafanya kazi zaidi, ukienda kivulini chini ya mgunga umepoa lakini betri inakufa saa tatu usiku na feni nayo inaenda. Tulizungukia hiyo hesabu siku mbili. Mwisho tukaamua friji izimwe, maziwa tuyasahau tunywe chai ya mkandaa, feni ishinde. Kama angeweka paneli ya kukunjwa yenye waya mrefu, unaegesha kivulini unaiweka juani, yote ingeisha.

Sasa baiskeli, hapa nikae kidogo.

Kabla ya kushuka tulizijaribu Menengai, tukapanda nazo hadi pale juu unaona shimo lote. Ile kaldera ni kubwa bana, kama kilomita 12 kwa 8, na chini ni mawe meusi ya volkano na moshi wa mvuke unatoka hapa na pale. Baiskeli zilifanya vizuri kabisa. Rimu za 29, shoki mbele, breki za diski, gia zinaingia bila kugongwa. Breki ya nyuma ya yangu ilikuwa inalia kama paka lakini inashika. Nikasema hapa tumepata.

Kosa ni kwamba Nakuru hakuna mathenge.

Kama hujui mathenge, ni ule mti uliletwa Baringo miaka ya themanini mwanzoni eti uzuie jangwa na watu wapate kuni, ukapenda mahali, ukameza malisho, ukaziba njia, na mbuzi wakila zile ganda zake tamu meno yanaoza yanang'oka, mpaka wenyeji wakaenda kortini kushtaki serikali na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Hiyo si utani, ilitokea. Mwiba wake ni mrefu, mgumu, na tawi likianguka njiani likauke unaliona ni takataka tu ya majani. Ongeza miba ya migunga, ongeza mbigiri zile ndogo za kutambaa chini. Siku ya pili tumetoka Loboi asubuhi mapema, hata chai haijashuka, pancha. Tukaziba. Dakika kumi, pancha nyingine, tairi lile lile. Mpaka saa sita tulikuwa na pancha saba kati yetu wawili na kwa kamkoba ka vifaa alichotupa mwenye gari kulikuwa na viraka sita, solusheni nusu tyubu, pampu moja ya mkono na hakuna tyubu ya akiba hata moja. Hata moja jamani, unampeleka mtu Marigat!

Aliyetuokoa ni fundi wa boda pale kando ya barabara, kijana mdogo tu. Akaangalia kazi yetu akacheka kwa heshima, akasema, "Boss, nyinyi mnaziba tyubu mnaacha mwiba kwa tairi." Akapitisha kidole ndani ya tairi polepole, akatoa ncha tatu zimevunjikia humo, unazihisi lakini huzioni. Halafu akatuonyesha solusheni isiwekwe kiraka ikiwa mbichi, unapaka unangoja ikauke mpaka ukigusa haishiki kidole, ndo unabandika, na tyubu uipeleke kivulini kwanza kwa sababu ikiwa ya moto kiraka kinateleza. Viraka vyangu vyote vilikuwa vimetoka hivyo. Alitutoza 200 kwa tairi zote nne, tukamwongeza.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mwenye gari, na nilimwambia hivi hivi uso kwa uso: hizo rimu zako zinaweza kuingia tairi zisizo na tyubu, zile unamwaga ndani maji mazito kama maziwa, mwiba ukitoboa yanatoka hapo yanaganda yanaziba yenyewe na wewe unaendelea. Hata hao Wamarekani wa jangwani wanatumia hiyo, maana mbigiri iko kwao pia, ilifika huko kutoka pande zetu za dunia na inawatesa sawasawa. Tena kwa tairi za hivyo mwiba ukiingia usiuchomoe njiani, uache hapo ni kizibo. Kitu tu uongeze hayo maji mara kwa mara, joto linayakausha. Akasema ni gharama. Nikamwambia basi weka tyubu nne za akiba, akanyamaza.

Nisiharibu lakini, siku ya tatu ilikuwa tamu. Bogoria unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli ndani, si kama mbuga nyingi. Kumbuka ziwa lilipanda sana mwaka wa 2020 hivi, geti la zamani lilizama, kwa hivyo usifuate ramani za zamani, uliza. Tuliingia kumepambazuka tu, bado kuna kaubaridi, njia ni mawe na vumbi, ziwa kushoto kijani kijani, flamingo wanapiga kelele kama soko, na upande ule mwingine ukuta wa Bonde la Ufa umesimama wima. Tulikutana na tandala, wale wakubwa wa pembe za kuzunguka, Bogoria ndo mahali pazuri pa kuwaona Kenya, alisimama akatuangalia kama sisi ndo maonyesho. Kwa chemchemi tulichemsha mayai kama kila mtu. Heshimu hayo maji tu, si ya kuchezea, yanachemka kweli kweli na ukingo wake mahali pengine ni ganda jembamba, shikilia pale watu wanapokanyaga. Na ya ziwa si ya kunywa, ni magadi.

Maji ya kunywa ndo jambo lingine. Gari ina mitungi miwili ya lita 20, jumla 40, na inaonekana mingi. Mtu akiendesha baiskeli pale anamaliza lita tano sita kwa siku bila kujua, weka kupika, weka kuosha sufuria, weka binamu ambaye anaoga kama bibi harusi, siku mbili yameisha. Jaza kila ukipita Marigat, usiseme bado iko nusu.

Nilitaka pia tupande miguu ule ukuta wa mashariki. Tuliulizia, mzee mmoja Loboi akatuambia, "Vijana, huko hampandi saa tano, mnapanda saa kumi na moja asubuhi na mtu wa huku mbele yenu." Tulikuwa tumechelewa kuamka, tukafanya kilima kidogo tu jioni na mjukuu wake akituongoza. Mwaka ujao.

Kuhusu kulala. Kule Marekani kuna ardhi kubwa ya serikali unaegesha sehemu nyingi hadi siku 14 bure, ndo maana video zao zinakaa rahisi hivyo. Huku kila mahali pana wenyewe hata kama huoni nyumba, kwa hivyo tulilala kwa uwanja wa kambi wa wenyeji tukalipa, na usiku mmoja kwa petroli stesheni, soja akapewa chai na mandazi. Na usiwahi kuegesha ndani ya laga, ule mto mkavu wa msimu, eti kwa sababu mchanga ni laini na ni tambarare. Mvua inanyesha milimani wewe huioni, maji yanakukuta umelala. Septemba 2019 watu saba walibebwa na maji ndani ya korongo la Hell's Gate, na hapo ni karibu na Naivasha si mbali. Sisi tulikwama kwa laga moja mchana tu tukivuka, gari haina nguvu ya magurudumu yote manne. Tulipunguza upepo wa tairi zote, tukachimba kwa sahani za kulia, tukatoka. Sepeto hakuna kwa gari, andika hiyo pia.

Usiku wa mwisho tulikuwa Kampi ya Samaki, tilapia na ugali, upepo wa ziwa, kwa mara ya kwanza ukuta wa gari ulipoa kabla ya usiku wa manane. Gari haina choo, na Baringo viboko wanatoka majini usiku kula nyasi. Saa nane nikabanwa. Nikasikia kitu kinakata nyasi hapo nje, krup krup krup, karibu sana, binamu naye ameamka ananiangalia gizani. Nikamuuliza ile chupa ya lita mbili iko wapi. Akasema ameitupa Marigat. Nilishika mpaka kumi na mbili kasoro, sitaelezea zaidi.

Kurudisha gari ilikuwa sawa. Tulipofika aliikagua nusu saa, akakata 1,500 kwa mkwaruzo wa mathenge mlangoni, na kusema ukweli mkwaruzo ulikuwa wetu. Zingine zote alizituma M-Pesa tukiwa bado pale, hiyo nampa nyota moja nzima peke yake. Alisikiliza malalamiko bila kukasirika akaandika kwa simu: neti, sepeto, tyubu. Ya madirisha ya nyuma alisema atafikiria kwa sababu kitanda kitabidi kifunguliwe chote.

Ukienda nayo Menengai, Subukia ama Aberdare, chukua hata leo, nyota nne na nusu. Ukishuka Marigat chini, nyota tatu, na beba neti, feni ya pili, viraka ishirini na chupa. Mimi nimelipia wiki ya pili ya Januari, binamu ameshanunua hayo maji ya maziwa ya kuweka kwa tairi, anasema tutayaweka wenyewe hapo kwake uani na kuyatoa kabla ya kurudisha, sijui kama hiyo inawezekana lakini yeye ameshaamua.