Tathmini ya katambuga za tairi kwa anayeshinda kwenye miba

Katambuga ninazozitathmini hapa nilizinunua kwa fundi anayeketi pembezoni mwa Soko la Kilombero, Arusha, kwa kazi moja tu: kujikinga na miba shambani upande wa Kisongo, ambako matawi ya migunga hukatwa kwa ajili ya ua wa boma na miba inayopukutika hujificha vumbini. Kwa kazi hiyo zinazipita mbali ndala na yeboyebo, ambazo mwiba wa mgunga huzipenya bila shida.

Ubora wake unatokana na tairi lenyewe. Soli hukatwa kwenye sehemu inayokanyaga barabara, yenye mpira mnene juu ya matabaka ya nyuzi, na mwiba unaokutana nayo huvunjika au hunasa humo. Jioni huzigeuza na kuing'oa miba hiyo kwa koleo. Tairi la pikipiki hutoa katambuga nyepesi, ilhali la gari hutoa soli nene zaidi, na ndilo nililolichagua, ingawa kwa safari ndefu uzito wake unachosha. Soli ya kukataa ni ile iliyokatwa kwenye tairi kipara, au yenye nyaya za chuma zinazochungulia ukingoni.

Kasoro kubwa ni misumari midogo inayoshikilia mikanda. Soli ikilika, ncha ya msumari huibuka kisigino kinapokaa, na kiatu kilichonunuliwa ili kuzuia kuchomwa huanza chenyewe kuchoma. Kabla ya kulipa, pitisha kidole ndani taratibu, na kinapokwama mwambie fundi aigonge ncha hiyo ilale. Ubavu nao uko wazi, kwa hiyo penye vichaka au vipande vya bati ni afadhali gambuti.

Hata hivyo, katambuga hazichukui nafasi ya chanjo ya pepopunda. Jeraha la kuchomwa lina mdomo mdogo na kina kirefu, hivyo uchafu uliosukumwa ndani ni mgumu kuosha, na vimelea vya pepopunda, ambavyo hukaa kwenye udongo na samadi, hustawi pasipo na hewa. Ukichomwa, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, chomoa kwa kibano mwiba unaoonekana, na uliozama usiuchokonoe. Mafuta ya taa na maji ya betri, ambayo bado yanapendekezwa na wazee wenye heshima zao, huunguza nyama tu. Kisha nenda zahanati, kwa kuwa kwa jeraha chafu, mtu ambaye chanjo yake ya mwisho imepita miaka 5 huhitaji kuchanjwa tena. Wanawake huipata kliniki wakati wa ujauzito. Wanaume wengi waliipata utotoni tu, nao ndio wanaoshinda zizini. Mwenye kisukari ajikague nyayo kila jioni, kwani anaweza kuchomwa asihisi.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au mguu ukivimba na kutoa usaha, rudi kwa daktari, maana huenda kipande kimebaki ndani. Ikiwa msumari ulipita kwenye soli ya raba (viatu vya michezo), mweleze hivyo, kwa sababu bakteria aina ya Pseudomonas, ambao hupenda soli zenye unyevu, huweza kufika hadi mfupani, na dawa nyingi za kawaida haziwaui.