Kikaango cheusi kisichoshika, kutoka duka moja la Nyawera, hapa Bukavu

Kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kikaango hiki ni kizuri kweli. Mafuta kidogo tu, samaki hawashiki, na kukiosha si kazi. Muuzaji naye ni mpole, alinipunguzia bei bila kelele. Zaidi ya hapo siwezi kukisifu.

Utando wake ni wa Tefloni, plastiki inayozuia chakula kushika. Ukipita joto la nyuzi 260 za Selsiasi hivi, utando huo huanza kuharibika na kutoa moshi unaoweza kuua ndege wa kufugwa ndani ya nyumba. Na sisi Bukavu tunapikia makala! Mbabula, jiko letu la makaa, haina kitufe cha kupunguza moto. Kikaango kitupu juu ya makala mekundu hufika huko upesi. Boksi halikusema neno.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Kwa miaka mingi Tefloni ilitengenezwa kwa msaada wa PFOA, mojawapo ya kemikali za PFAS, ambazo kaboni na florini zimeshikana humo kiasi kwamba jua na vijidudu haviwezi kuzivunja. Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu muda mrefu, uliiorodhesha PFOA mwaka 2019 ili ikomeshwe. Nilimuuliza muuzaji kama hiki kimetengenezwa bila PFOA. Hakujua, na boksi halina hata jina la kiwanda. Hapa kwetu chochote kinachotupwa mferejini hushuka ziwani Kivu, na maji ya Kivu hufuata Ruzizi mpaka Tanganyika. Watu wangapi wanavua humo!

Nyota mbili. Mama unayepikia mbabula, nunua cha chuma: kipake mafuta, kichome vizuri kabla ya kukitumia, sambaza hawatashika.