TAHADHARI: Kuna jamaa anajifanya "kamati ya mapokezi" ya makongamano ya Zanzibar, anauza tiketi za boti na vyumba hewa

Wakuu habari za muda huu. Naandika hii nikiwa bado na hasira kwahiyo mnisamehe nikirukaruka, ila nimeona nisipoandika leo aibu itanizidi halafu nitanyamaza kabisa na huyu mtu ataendelea kuvuna wenzangu. Nimepigwa. Jumla yake ni shilingi 475,000. Mwalimu wa Kiswahili, miaka 14 darasani, kila siku nawagombeza watoto wasome ufahamu kwa makini, kumbe ufahamu umenishinda mimi mwenyewe.

Iko hivi. Nilituma ikisiri, yaani muhtasari wa mada, kwenye kongamano moja la fasihi ya Kiswahili Unguja, ikakubaliwa, nikafurahi kama mtoto wa darasa la kwanza. Kongamano lenyewe ni la kweli na waandaaji wake hawana kosa lolote kwenye hili, ndiyo maana silitaji jina. Wakaweka orodha ya mada zilizokubaliwa: jina lako, mada yako, unakotoka. Hakuna ubaya hapo, ndivyo inavyofanyika kila mahali. Sasa siku ya tatu tu baada ya orodha kutoka nikapata meseji wasap: "Assalaam alaykum mwalimu, hongera kwa mada yako ya taswira ya bahari katika mashairi, sisi kamati ya mapokezi tunaratibu usafiri na malazi ya washiriki wa bara." Jamani, mtu kakutajia mada yako neno kwa neno! Nani angeshtuka? Mimi kwanza nilidhani ameisoma ikisiri yangu, nikaanza hata kumuuliza ameionaje. Akajibu "ni nzuri sana mwalimu wangu, imegusa." Imegusa nini sikuuliza.

Kumbe kanakili tu kwenye ile orodha. Namba yangu ya simu nayo haikuhitaji uchawi, ipo kwenye magrupu ya walimu wa Kiswahili kama matano, na kwenye kipeperushi cha diwani yangu ya mashairi niliyojichapishia nikaiweka mwenyewe kwa mkono wangu nikitafuta wateja.

Akaniingiza kwenye grupu la wasap, lina nembo ya kongamano kabisa, watu 23. Humo ndani kila baada ya saa mbili tatu mtu anaandika "nimeshalipia kaka, tiketi nimeipata, ahsante sana", mwingine "chumba kizuri mashaallah". Sasa hivi najua nusu ya wale ni yeye mwenyewe na laini zake, maana wote walikuwa na ugonjwa mmoja wa kuweka nukta tatu mwisho wa kila sentensi, na mimi mtu wa kusahihisha insha kila wiki sikuliona hilo!

Kifurushi chenyewe: boti kwenda na kurudi, usiku nne kwenye gesti Mji Mkongwe, chai ya asubuhi, na siku moja kutembezwa shamba la viungo, 360,000 yote. Ukiangalia siyo bei ya kijinga. Angesema laki moja ningekimbia, angesema laki nane nisingekuwa nayo, yeye akapiga palepale kwenye uwezo wa mwalimu. Nilipe nusu, nusu nyingine wiki moja kabla ya safari. Picha za gesti zilikuwa nzuri mno, hasa ile ya juu darini, vikombe vya chai mezani, nyuma unaliona Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, na mnara wake wa saa umesimama wima, na maelezo yake "gesti mpya kabisa, imefunguliwa mwaka huu". Wakuu, Beit el Ajaib liliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nchi nzima ilisikitika, watu walifia pale, na mnara ulienda nao. Hiyo gesti iliyofunguliwa mwaka huu inauonaje mnara ulioanguka 2020? Picha ni ya zamani, kaiokota huko intaneti. Nimeiangalia ile picha zaidi ya mara kumi kabla ya kulipa na kila mara nilikuwa naangalia vile vikombe.

Nikatuma 180,000. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri halikuwa lake, lilikuwa la mwanamke, nikasita, nikamuuliza, akasema "huyo ndo mhasibu wetu mwalimu, tuma tu." Si ndiyo? Sisi wote tunacheka zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", tunaziona ni za kupiga washamba, halafu mimi nikatuma kwenye namba hii kwa sababu tu safari hii aliyeniambia alianza kwa salamu ndefu na kutaja ushairi. Wiki moja kabla ya safari nikatuma 180,000 nyingine, akanitumia picha ya tiketi.

Siku mbili kabla ya safari akaja na la bima. Kwamba serikali ya Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa kila mgeni, dola 44, kwahiyo niongeze 115,000 akanikatie, la sivyo nitazuiwa bandarini. Hapa ndipo alipo hatari kuliko matapeli wengine, maana bima hiyo IPO kweli. Ilianza tarehe 1 Oktoba 2024, ni dola 44 kweli, ukiitafuta unaikuta. Ila ni ya wageni kutoka nje ya nchi! Mimi Mtanzania natoka Morogoro, navuka kwenda Unguja na kitambulisho changu cha NIDA, bima ya mgeni ya nini? Na hata huyo mgeni anayetakiwa kuilipa anaikata mwenyewe kwenye mfumo rasmi wa serikali kwa jina na pasi yake, siyo kumtumia mtu hela kwenye simu. Nilikuwa na haraka, nilikuwa nasahihisha mitihani, nikatuma.

Basi siku ikafika. Nikatoka Moro alfajiri na treni ya SGR, nikafika Dar mapema kabisa, nikaenda bandarini boti ya saa tatu na nusu nikiwa na picha ya tiketi kwenye simu. Dada wa dirishani akaichukua simu, akavuta ile picha kwa vidole viwili, akavuta tena, akanigeuzia. "Angalia jina lako hapa." Nikaangalia. Herufi za jina langu zilikuwa nene, tarehe nayo nene, vingine vyote vyembamba. Akaingiza ile namba kwenye kompyuta, akasema hiyo tiketi ya mtu mwingine na ilishasafiri miezi miwili iliyopita. Nikaanza kumlilia anisaidie nipande tu maana hela nimelipa, akakataa kwa upole, akaniambia mama jina lililopo kwenye kompyuta siyo lako, kukitokea kitu huko baharini tutakutafuta kwa jina gani. Nilinyamaza. Sisi tunaozikumbuka meli zilizozama na watu, Spice Islander ya 2011 na Skagit mwaka uliofuata, hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Nikakata tiketi mpya hapohapo dirishani kwa kitambulisho changu, shilingi za kwetu, dakika tano tu, na bei niliyoikuta pale ni ndogo kuliko aliyoniandikia kwenye kifurushi!

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na mwalimu mwenzangu katoka Eldoret, Kenya, naye ana picha ya tiketi. Tukaangaliana tu. Yeye alitozwa kwa dola.

Kwenye boti bado tulikuwa tunajipa moyo kwamba labda tiketi zimekosewa lakini chumba kipo (mtu aliyepigwa hakubali kwa mara moja). Tukashuka Malindi, bandari ya Unguja, tukapita kwa papasi, wale vijana wanaowagombania wageni, na hapa niseme kidogo, papasi wa bandarini wanasemwa vibaya sana na wengine wanastahili, lakini papasi yuko mbele yako, unamuona sura, mnabishana bei juani anatoka jasho kama wewe. Huyu wangu kanimaliza nikiwa nimekaa kwenye kochi langu. Na ni kijana mmoja papasi ndiye aliyetupeleka hadi kwenye hiyo gesti, kwenye vichochoro ambavyo ningezunguka mpaka magharibi, akachukua elfu mbili yake akaenda zake.

Gesti ipo. Ndiyo, ipo, jina lilelile, ila siyo ile ya kwenye picha na haina dari ya kunywea chai. Mwenyewe ni bibi mmoja mtu mzima, kakaa barazani, akatusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza halafu akasema, "Wanangu, nyinyi wa tano na wa sita toka jana. Kaeni kwanza mnywe chai ndo tuzungumze." Vyumba vyake vyote vilikuwa vimejaa wageni waliolipa kweli. Hajui kamati yoyote, jina la gesti yake limeibiwa tu na yeye ndiye anayetukanwa na wageni mlangoni.

Mjukuu wake akaomba ile namba, akapiga kwa simu yake akaweka sauti kubwa. Jamaa akapokea, sauti tamu kabisa, karibu sana Zanzibar. Kijana akamuuliza, ndugu yangu na wewe kwenu wapi? "Mimi mtu wa Makunduchi." Makunduchi upande gani? Kimya kidogo, halafu, "huku karibu na Nungwi." Baraza zima lilicheka, hata mimi nililia huku nacheka. Kwa wasiojua, Makunduchi ni kusini kabisa mwa kisiwa na Nungwi ni kaskazini kabisa, ni sawa na mtu akwambie kwao Mtwara pale karibu na Bukoba. Nafundisha lahaja mimi, Kimakunduchi, Kipemba, Kitumbatu, nawachorea watoto ramani ubaoni, na huyu mtu wiki sita zote ananiandikia "nakucheki mkuu" na "usijali boss" kama kijana wa Kariakoo na mimi naona ni Mzanzibari kwa sababu aliniambia assalaam alaykum.

Usiku ule ule akatufuta wote kwenye grupu. Bibi alitutafutia chumba kwa ndugu yake Kikwajuni, pazuri, pasafi, mkate wa kumimina kila asubuhi, na mada yangu nilisoma vizuri tu asanteni kwa kuuliza.

Sasa nyie mnaojiandaa na safari, maana mwezi wa saba huo unakuja na Siku ya Kiswahili tarehe 7 Julai, na Zanzibar ndiko iliko BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), ndiko SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), ndiko na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwahiyo makongamano ya huko hayaishi na huyu mtu najua atarudi na orodha nyingine. Nilichokuja kujua pale ukumbini nilipowaeleza waandaaji ni kwamba wao hawakuwa na kamati yoyote inayouza tiketi wala vyumba, walichofanya ni kuweka majina ya gesti kwenye tangazo ili kila mtu ajipigie mwenyewe. Ningewaandikia barua pepe mstari mmoja tu kupitia anuani niliyotumia kutuma ikisiri ningejibiwa siku hiyohiyo. Ada yao ya ushiriki yenyewe nililipa kwa kontroo namba, ile namba rasmi ya malipo ya serikali, risiti ikatoka ina jina la taasisi, sasa jiulize kwanini mtu wa taasisi hiyohiyo aje atake hela ya boti kwenye namba ya mama mmoja ambaye simjui. Boti kata dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, jina liwe lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Gesti piga simu, siyo namba uliyotumiwa na anayekuuzia, tafuta namba yake mwenyewe, waambie wakutajie chumba kimeandikwa jina la nani. Na ukiona jina lililotokea kwenye simu siyo la unayeongea naye, acha hapohapo kabla ya namba ya siri, maana mimi nilipopigia mtandao kuomba muamala urudishwe wakaniambia ilishatolewa yote siku ileile.

Namba yake siiweki hapa. Siyo kwamba namlinda, ila imesajiliwa kwa jina la yule mama na inawezekana kabisa naye kaibiwa kitambulisho, sitaki watu wakamtukane bure. Nimeshaandika neno UTAPELI kwenda 15040 na namba zote mbili, ya wasap na iliyopokea hela, nikaziripoti, ukipata meseji yake na wewe fanya hivyo, ni bure. Polisi pia nimefika, RB (namba ya taarifa yangu pale kituoni) ninayo. Askari aliniambia wazi kwamba laki nne za mtu mmoja zinaweza kukaa kwenye faili muda mrefu, lakini wakija watu kumi wenye miamala inayoingia namba moja hapo kesi inakuwa na uzito.

Kwahiyo kama ulikuwa kwenye lile grupu, la nembo ya kijani na picha ya jahazi, na ulilipa hata kama ni elfu hamsini, niandikie inboksi tarehe uliyotuma na kumbukumbu namba ya muamala, skrinshoti usiifute hata kama inakutia aibu. Mwenzangu wa Eldoret keshanitumia yake, na wawili kati ya wale wanne waliotutangulia kwa bibi. Ijumaa asubuhi narudi kituoni.