Makumbusho ya Amna Suraka, Sulaymaniyah: usitoke na vioo peke yake

Ukipata siku moja tu Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraq, ipeleke Amna Suraka. Kwa Kikurdi jina hilo ni Usalama Mwekundu. Jengo lilikuwa makao ya idara ya usalama ya Saddam Hussein katika mji huo, mpaka wapiganaji wa Kikurdi waitwao peshmerga na wananchi walipoliteka Machi 1991. Kuta za nje zimeachwa na matundu yake ya risasi, na uani wamepanga vifaru na mizinga iliyotekwa. Kuingia ni bure. Tenga saa tatu. Wanaopita kwa saa moja huona sanamu na vioo, kisha hutoka wakijua kwamba watu waliteswa, bila kujua nani aliagiza wala ilithibitishwaje.

Ukumbi wa Vioo ndio unaopigwa picha zaidi, na unastahili. Ni ujia mrefu wenye giza, umebandikwa vipande 182,000 vya kioo, kila kipande kikiwakilisha mtu mmoja aliyeuawa katika operesheni ya Anfal, kampeni ya serikali ya Saddam dhidi ya Wakurdi wa vijijini mwaka 1988. Juu kuna maelfu ya taa ndogo, kila taa kijiji kilichobomolewa. Ukisogeza uso karibu, hakuna kipande kinachokuonyesha mzima: hapa jicho, pale nusu ya shavu. Ushauri wetu ni kupita hapo mara mbili, mara moja mwanzoni na mara ya pili ukishatoka kwenye seli. Mara ya pili haifanani kabisa na ya kwanza.

Jambo moja ulijue kabla. 182,000 ndiyo hesabu ya Wakurdi wenyewe. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch, walioichunguza kampeni hiyo miaka ya mwanzo ya 1990, walikadiria watu kati ya 50,000 na 100,000. Tofauti hiyo haipunguzi kosa hata chembe, kwa kuwa mauaji ya kimbari kisheria hayapimwi kwa idadi. Yanapimwa kwa nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Wanaoikumbuka mahakama ya Arusha ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na kesi ya Akayesu mwaka 1998 wanaujua mvutano huo: kuthibitisha vifo ni kazi moja, kuthibitisha nia ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ndiyo ngumu.

Sehemu ya seli ndiyo moyo wa makumbusho. Vyumba ni vidogo, hewa nzito, na ndani wamewekwa wafungwa wa plasta nyeupe wa kimo cha mtu. Mmoja ananing'inia, mikono imefungwa nyuma ya mgongo na kuvutwa juu. Simama umtazame vizuri mabegani. Mtu akining'inizwa hivyo, uzito wote wa mwili huangukia viungo vya bega vikiwa vimepindwa kinyume, na hutenguka kabla kamba haijakatika. Mchongaji alilielewa hilo. Kwenye kuta za seli kuna mikwaruzo halisi ya wafungwa: mistari ya kuhesabu siku, maandishi, michoro. Usiiguse, plasta inamong'onyoka. Watoto wadogo waache nje ya sehemu hii.

Upungufu mkubwa ni maelezo. Vibao ni vichache na vifupi, na bila mtu wa kukuongoza vyumba vingi vitakupita. Omba mwongozaji pale mlangoni. Na kabla ya kwenda, beba kichwani mambo haya, kwa sababu vioo havitakuambia.

Kwanza, jina. Anfal ni sura ya nane ya Qurani, inayozungumzia ngawira za vita. Serikali ya chama cha Baath, ambayo haikuwa ya kidini, ilichukua neno hilo na kulibandika kwenye operesheni dhidi ya wakulima ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyekulia madrasa, hapo pana dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Pili, utaratibu. Machi 1987 Ali Hassan al-Majid, binamu yake Saddam, alipewa mamlaka yote ya kaskazini. Tarehe 20 Juni 1987 ofisi yake ilitoa agizo namba 4008 kuhusu vijiji vilivyopigwa marufuku: yeyote atakayekamatwa humo azuiliwe na kuhojiwa, na wenye umri wa miaka 15 hadi 70 wauawe baada ya kutoa taarifa zenye manufaa. Oktoba mwaka huo ikafanyika sensa, na aliyebaki nje ya maeneo ya serikali akapoteza haki zake za uraia. Kisha zikaja awamu 8, kuanzia tarehe 23 Februari hadi tarehe 6 Septemba 1988, bonde baada ya bonde. Waliokamatwa walipelekwa kambi ya Topzawa karibu na Kirkuk. Huko walichambuliwa: wanaume wakapakiwa magari yaliyofungwa na kupelekwa kupigwa risasi jangwani, wazee wakatupwa gereza la Nugra Salman. Eneo la Germian, kusini mwa Kurdistan, ndiko hata wanawake na watoto wengi walikotoweka.

Tatu, na hapa ndipo jengo lenyewe linapokuwa shahidi, ni karatasi. Katika uasi wa 1991 Wakurdi waliteka ofisi za usalama za mji baada ya mji pamoja na makabati yake. Tani 18 za nyaraka zilisafirishwa kwenda Marekani zikahifadhiwa. Watawala waliokuwa na uhakika kwamba hawataulizwa kamwe waliandika kila kitu, wakagonga mihuri, wakaweka nakala. Ukiwa humo ndani, usitazame zana za mateso tu. Fikiria na meza za makarani.

Karatasi hizo, kanda za sauti za al-Majid na mifupa iliyofukuliwa ndivyo vilivyobeba kesi ya Anfal iliyoanza Baghdad Agosti 2006. Kaburi moja la pamoja katika mkoa wa Nineveh lilikuwa na wanawake na watoto. Hapo hoja kwamba waliouawa ni wapiganaji ilikwisha. Juni 2007 al-Majid alihukumiwa kifo kwa mauaji ya kimbari. Lakini Saddam alikuwa amekwisha kunyongwa tarehe 30 Desemba 2006 kwa mauaji ya watu wa mji wa Dujail, kesi nyingine kabisa, na mashitaka yake ya Anfal yakafutwa. Familia za Wakurdi zikanyimwa hukumu yenye jina lake. Hili linauma, na kwa maoni yetu kuharakisha kitanzi lilikuwa kosa.

Siku ya pili nenda Halabja, mji wa Wakurdi ulioshambuliwa kwa gesi ya sumu na majeshi ya Saddam mwaka 1988, mwendo wa gari wa chini ya saa mbili kusini-mashariki, karibu na mpaka wa Iran. Mnara wa kumbukumbu una ukumbi wa duara wenye majina ya waliouawa ukutani, na sanamu za watu walivyokutwa wameanguka. Imo pia kamba inayoelezwa kuwa ndiyo iliyomnyonga al-Majid Januari 2010. Muulize mwongozaji kuhusu vyumba vya chini vya nyumba. Tarehe 16 Machi 1988 yalitangulia mabomu ya kawaida, watu wakakimbilia chini kama walivyozoea. Gesi ya haradali na za neva ni nzito kuliko hewa. Zilishuka zikawafuata. Watu wapatao 5,000 walikufa.

Wageni wengi huchanganya Halabja na Anfal. Zilikwenda sambamba, lakini Halabja ilikuwa mji, nje ya maeneo yaliyolengwa na Anfal, na kesi yake iliendeshwa peke yake: hukumu ya kifo ya al-Majid kwa Halabja ilitoka tarehe 17 Januari 2010. Uholanzi nako, mfanyabiashara Frans van Anraat, aliyeiuzia Iraq zaidi ya tani 1,000 za thayodaiglikoli, malighafi ya gesi ya haradali, alifungwa miaka 15 mwaka 2005, rufaa ikaongeza hadi 17, Mahakama ya Juu ikashusha hadi 16 na nusu. Mahakama ya Uholanzi iliyoko The Hague ilikubali kwamba Wakurdi walifanyiwa mauaji ya kimbari, lakini haikuridhika kwamba yeye alijua nia hiyo. Akatiwa hatiani kwa kushiriki uhalifu wa kivita.

Amna Suraka tunaipa nyota 4 kati ya 5, na nyota inayokosekana ni ya vibao. Halabja 4 pia. Ijumaa uliza kwanza kama pamefunguliwa. Tarehe 16 Machi na tarehe 14 Aprili, siku ya kumbukumbu ya Anfal, waachie wafiwa nafasi. Utawaona akina mama wazee wakiwa na picha zilizofifia mikononi. Wengine hawajarudishiwa hata mfupa wa kuzika. Usiwapige picha bila kuwaomba.